Ukungu wa mwendo chini ya bahari: namna ya kupiga picha za samaki wanaokwenda

Ukimwonyesha mtu picha ya samaki ambayo haikukaza vizuri, atakwambia mkono ulitetemeka. Mara nyingi ni kweli. Lakini ziko picha ambazo mpigaji ameacha makusudi kitu kifutike kidogo. Mkia wa kolekole umegeuka mstari wa fedha, matumbawe ya nyuma yamekokotwa kama rangi iliyopitishiwa brashi, ila jicho la samaki limebaki wazi. Mtazamaji hahitaji kuambiwa kwamba samaki huyo alikuwa anakwenda, tena kwa kasi. Huo ndio ukungu wa mwendo ninaoueleza hapa. Ule wa kioo kushika mvuke ndani ya kasha la kamera ni balaa nyingine, una siku yake.

Nawaandikia zaidi vijana wetu wa pwani, kuanzia Vanga hadi Kiunga, wanaopeleka wageni Kisite, Diani, Watamu na Malindi, na ambao sasa wengi wao wana kamera mkononi au simu iliyotiwa mfuko wa maji. Bahari hii imepigwa picha nyingi na wageni, na wenyeji wamepiga chache, ilhali mwenyeji ndiye ajuaye samaki gani hupita mlango gani maji yakianza kujaa. Ujuzi huo ni mtaji mkubwa katika kazi hii, kwa sababu picha ya mwendo humtaka mpigaji ajue mnyama atapita wapi kabla hajapita.

Ninayo sababu ya pili. Kila msimu naona mashua zikikimbiza pomboo na papa potwe ili abiria wapate picha. Nitaonyesha hapa chini kwamba anayekimbiza haipati picha hii, na kwamba hata akiipata, kuna picha nyingine iliyofaa ipigwe kwanza.

Ukungu unatoka wapi

Kamera hufungua shata kwa muda fulani, ikapokea mwanga, kisha ikafunga. Kitu kikisogea wakati shata iko wazi, picha hukiandika kila mahali kilipopita. Hesabu yake ni nyepesi. Samaki anayekwenda mita 1 kwa sekunde, ukimpiga kwa shata ya 1/250 ya sekunde, atakuwa amesogea milimita 4 tu, na kwa jicho amesimama. Kwa 1/30 atasogea sentimita 3 hivi, kwa 1/15 karibu sentimita 7, kwa 1/8 zaidi ya sentimita 12, na kwa 1/4 sentimita 25.

Usikariri namba hizo peke yake. Linganisha umbali aliosogea na urefu wa mwili wake. Changu wa sentimita 30 akisogea sentimita 7 amesogea karibu robo ya mwili wake, na ukungu utaonekana wazi. Papa potwe wa mita 8 akisogea sentimita hizo 7, hakuna atakayegundua. Ndiyo maana shata ya 1/15 humfanya samaki mdogo afanane na moshi, na papa potwe ikamwacha kama aliyechongwa. Kwa mnyama mkubwa ukungu mwingi hutoka kwenye mkono wako na kamera yako inavyosogea, kuliko kwenye mwendo wake.

Jambo la pili la kujua ni kwamba maji hubadilisha umbali. Ukitazama kupitia kioo bapa cha miwani ya kuzamia au cha kasha la kamera, kitu kilicho mita 4 huonekana kama kiko mita 3. Basi samaki unayedhani umemfikia bado yuko mbali, na maji yaliyo kati yenu yamejaa chembechembe. Katika kazi hii sogea karibu kadiri mnyama anavyokuruhusu, halafu tumia lenzi pana.

Waliotangulia walipigana na ukungu

Mwaka 1893 Mfaransa Louis Boutan alipiga picha chini ya maji huko Banyuls-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa. Vifaa vya wakati ule vilikuwa vizito na vya taratibu, hata baadhi ya picha zake zilihitaji shata ibaki wazi kwa muda wa hadi dakika 30. Kwa muda huo miamba huandikika, lakini samaki anayepita hufutika kabisa.

Mwaka 1926 William Longley na Charles Martin walipata picha za kwanza za rangi za samaki chini ya maji, katika visiwa vya Florida nchini Marekani. Walifaulu kwa kulipua unga wa magnesiamu juu ya maji ili kupata mwanga mkali wa ghafla. Baadaye mhandisi Harold Edgerton wa chuo cha MIT aliiendeleza fleshi ya umeme, na akafanya kazi pamoja na Jacques Cousteau baharini. Wote hao walikuwa wanatafuta kitu kimoja, nacho ni kumsimamisha kiumbe anayekwenda.

Aliyegeuza mambo hakuwa mzamiaji. Mpigapicha Ernst Haas, mzaliwa wa Vienna, alipiga mchezo wa mafahali nchini Hispania kwa rangi na kwa shata ya taratibu, na jarida la LIFE likazichapisha picha hizo mwaka 1957. Fahali na mpiganaji walikuwa wamechanganyika kama rangi za maji, na watu wakakubali kwamba mwendo wenyewe unaweza kuwa ndio habari ya picha. Wapigapicha wa baharini walilichukua jambo hilo wakalishusha chini ya maji, mahali ambapo hakuna kinachotulia.

Kupunguza mwanga

Tatizo la kwanza utakalokutana nalo pwani yetu ni mwanga kuzidi. Saa sita mchana, mita 2 chini ya maji ya Watamu, ukiacha shata wazi kwa 1/15 picha itakuwa nyeupe. Inabidi mwanga uuzibe mahali pengine.

Kila hatua ya mwanga ni maradufu au nusu. Tuseme kamera yako imepima shata 1/125, tundu la lenzi f/8, na ISO 200. Unataka kushuka hadi 1/15, ambazo ni hatua 3, yaani mwanga mara 8. Teremsha ISO hadi 100, umepunguza hatua 1. Finya tundu la lenzi kutoka f/8 hadi f/16, umepunguza hatua 2. Hesabu imekaa. Ukitaka 1/8, finya hadi f/22.

Pakiwa bado kuna mwanga mwingi, una njia tatu. Ya kwanza ni kuchagua saa: mapema asubuhi au jioni, jua likiwa chini. Ya pili ni kushuka zaidi, au kutafuta kivuli cha mwamba. Ya tatu ni kichujio cheusi cha kupunguza mwanga, kinachofungwa mbele ya lenzi kabla kamera haijaingia kwenye kasha. Kumbuka tu kwamba kichujio cha namna hiyo ukishazama nacho huwezi kukitoa.

Kuhusu rangi, maji humeza nyekundu kwanza. Ukifika mita 5 imeshapungua sana, na mita 10 karibu yote imekwenda. Picha ya mwendo isiyo na fleshi itakuwa na rangi ya samawati na kijani, na hilo si kosa. Pomboo wa kijivu katika maji ya samawati hahitaji nyekundu.

Njia nne

*1. Kumfuata samaki kwa kamera.* Hii ndiyo njia mama. Samaki anapita ubavuni mwako kutoka kushoto kwenda kulia, nawe unageuza kamera kwa kasi ileile, ukibofya huku unageuka. Kwa kuwa kamera na samaki wamekwenda pamoja, samaki hubaki wazi na nyuma yake hukokoteka. Anza na 1/30, ukishazoea shuka hadi 1/15, kisha 1/8. Geuza kiuno na mabega pamoja, viwiko vikiwa vimebana kifua, wala usigeuze vifundo vya mikono. Anza kumfuata kabla hujabofya, na endelea kumfuata baada ya kubofya. Wengi husimama pale tu kidole kinapogusa kitufe, na picha huharibika hapohapo.

Chagua mandhari ya nyuma yenye vitu. Maji matupu ya samawati hayaonyeshi ukungu wowote, kwa sababu samawati ikikokotwa hubaki samawati. Matumbawe yenye rangi, kundi la samaki wengine, au miale ya jua inayopenya ndivyo huandika mistari.

*2. Samaki katulia, bahari inakwenda.* Mtafute kiumbe asiyeondoka: chewa mdomoni mwa pango lake, mkunga aliyetoa kichwa, samaki wa anemoni nyumbani kwake. Halafu wacha shata wazi kwa 1/4 au hata 1/2 ya sekunde. Nyasi za bahari zitayumba, dagaa watapita kama mvua, na yule mmoja atabaki amekukazia macho. Hapa kamera haitakiwi kutikisika hata kidogo. Iweke kwenye mguu mfupi wenye uzito, juu ya mchanga mtupu. Usiiegemeze kwenye tumbawe. Matumbawe yale makubwa ya duara hukua kiasi cha sentimita 1 hivi kwa mwaka, kwa hiyo kipande cha ukubwa wa ngumi ulichokivunja kwa dakika moja kilijengwa kwa miaka.

*3. Fleshi pamoja na shata ya taratibu.* Mwako wa fleshi ni mfupi mno, samaki hapati nafasi ya kusogea. Shata ikiwa wazi kwa 1/8, fleshi ikawaka mara moja ndani ya muda huo, picha moja itabeba mambo mawili: samaki mkavu aliyeandikwa na fleshi, na kivuli cha mwendo kilichoandikwa na mwanga wa jua. Kamera nyingi hukupa hiari fleshi iwake mwanzo wa shata au mwisho wake. Chagua mwisho. Ikiwaka mwanzo, ukungu hutangulia mbele ya samaki na ataonekana kama anarudi kinyumenyume. Ikiwaka mwisho, ukungu humfuata nyuma kama mkia wa kimondo, nasi macho yetu yamezoea mwendo wa namna hiyo.

Weka taa za fleshi mbali na lenzi, zikitazama kidogo kando, ili zisimulike chembechembe zilizo mbele ya kioo. Na mwanga wa jua uwe hafifu kuliko wa fleshi kwa hatua 1 au 2, la sivyo ukungu utameza samaki mzima.

*4. Kuzungusha kamera.* Mlenge kiumbe katikati, zungusha kamera kama usukani wa gari, na ubofye katikati ya mzunguko. Pembezoni patageuka duara la mistari na katikati patabaki pazuri. Njia hii inapendeza mara moja au mbili, ikizidi inachosha. Itumie pale mahali penyewe pamejaa vurugu, kwa mfano vitatange wengi wanaogombea chakula.

Viumbe wetu na shata zao

Hizi ni namba ninazoanzia mimi, kila mtu atazirekebisha kwa maji aliyoyakuta.

Kolekole na wenzao wanaotembea kwa makundi: 1/15, kwa kuwafuata. Kundi likizunguka, usimfuate mmoja. Tulia, liache likuzunguke, na umchague yule aliye karibu nawe kuliko wengine.

Pono na kangaja wakila juu ya mwamba: 1/8 pamoja na fleshi. Wanapotoka mwamba mmoja kwenda mwingine huwa na njia zao na huzirudia. Kaa kando ya njia.

Ngisi: 1/15 hadi 1/8. Mapezi yake ya ubavuni hupepea bila kukoma hata akiwa amesimama, kwa hiyo mwili hubaki wazi na pindo hufutika. Kwa mwanafunzi sijaona mwalimu mzuri kuliko ngisi.

Taa: 1/15, akiwa anaondoka mchangani. Mabawa huinuka na kushuka. Bofya yakiwa juu.

Kasa: 1/15 hadi 1/8. Gamba halibadiliki umbo na makasia yake ndiyo yanayofutika, basi picha hujitengeneza yenyewe. Akipanda juu kuvuta pumzi, usikae juu yake ukamzibia njia.

Pomboo: anza na 1/60, kisha 1/30. Akienda mita 3 kwa sekunde, kwa 1/30 amesogea sentimita 10. Ukishuka zaidi ya hapo unabaki na wingu la kijivu.

Papa potwe: 1/15 hadi 1/8, ukigeuka naye. Kwa yeye na pomboo situmii fleshi. Huwa karibu na uso wa maji, jua linatosha, wala hakuna sababu ya kummulika mnyama ambaye hajakukimbia.

Msimu na maji

Hakuna kitabu cha kamera kitakachokwambia haya, ila nahodha wako anayajua. Maji yetu huwa maangavu zaidi wakati wa kaskazi na katika utulivu unaoitangulia, kusi ikishaondoka. Papa potwe pia huonekana zaidi upande wa Diani wakati wa kaskazi. Kusi huleta mawimbi na mchanga, ingawa ndio msimu ambao nyangumi hupita pwani yetu, takriban Julai hadi Septemba. Malindi, mto Sabaki ukijaa mvua za bara, maji ya karibu hugeuka kahawia na picha hakuna.

Siku za bamvua mikondo ya milangoni ni mikali. Makundi ya samaki hujaa hapo, lakini mpigaji hawezi kukaa mahali pamoja. Siku za maji mafu mkondo hupungua na njia ya pili, ile ya kamera kutulia, huwezekana. Kwa jumla napenda saa mbili za mwisho za maji kujaa, maji safi ya bahari kuu yanapoingia juu ya miamba. Maji yakitoka hubeba uchafu wa hori na mikoko.

Maji yenye chembechembe humwadhibu mtumiaji wa fleshi, ila katika picha ya kufuata bila fleshi chembe hizo hizo hugeuka mistari myembamba inayoonyesha mwendo. Siku ambayo wenzako wanarudi wakilalamika kuhusu maji, wewe huenda ukarudi na kitu.

Ushahidi kwanza, urembo baadaye

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Picha yenye ukungu ni nzuri ukutani, lakini kwa mtafiti haifai kitu. Papa potwe hutambuliwa mmoja mmoja kwa mpangilio wa madoa yake, hasa upande wa kushoto nyuma ya matamvua, juu ya pezi la ubavu. Mwaka 2005 watafiti walichapisha njia ya kulinganisha madoa hayo kwa kompyuta, iliyotokana na hesabu ambazo wanajimu hutumia kulinganisha nyota. Picha iliyopigwa hapa Kenya inaweza kulinganishwa na ya Msumbiji au Maldivi, ikajulikana kama ni mnyama yuleyule. Kasa hutambuliwa kwa magamba ya usoni, na taa mkubwa aitwaye manta kwa alama za tumboni. Alama hizo zikifutika kwa ukungu, basi tumempoteza.

Kadhalika miamba. Mwaka 1998 joto la bahari liliwafanya matumbawe wa pwani ya Kenya kuwa weupe na wengi wakafa, na mwaka 2016 joto likarudi. Anayetaka kuonyesha mwamba ulikuwaje kabla na baada anahitaji picha kavu, iliyopigwa mahali palepale, yenye tarehe. Wazee wetu wanakumbuka fungu lipi lilikuwa limejaa nini, lakini ofisini kumbukumbu ya mzee haipewi uzito unaopewa picha yenye tarehe. Kijiji kinachodai kwamba miamba yake imeharibiwa na uchimbaji au na nyavu zisizoruhusiwa kitasikilizwa zaidi kikiwa na picha za miaka kadhaa zilizopigwa na watoto wake.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: picha mbili au tatu za kwanza kwa 1/250, ubavu wa kushoto, madoa wazi. Baada ya hapo ndipo nashusha shata. Kamera nyingi hukuruhusu kuhifadhi mpangilio wa aina mbili na kuhama kwa kuzungusha kitufe kimoja. Uhifadhi kabla hujazama, ili usipoteze muda kuvinjari ndani ya menyu mnyama anapopita.

Usikimbize

Ukimkimbiza pomboo utampiga mkia. Yeye anakwenda mbali nawe, kwa hiyo hakuna ubavu, hakuna jicho, na nyuma yake hamna kinachokokoteka isipokuwa mapovu yako mwenyewe. Njia ya kumfuata kwa kamera hufanya kazi pale mnyama anapopita sambamba nawe, kwa mwendo wake, kwenye njia aliyoichagua. Basi kazi yako ni kutangulia mahali, ukatulia, ukangoja. Nahodha apunguze mwendo mapema, asikate njia ya kundi wala asipite katikati ya mama na mtoto, na injini iwe imelala wakati watu wako majini. Pomboo wakitaka kuja watakuja. Wasipokuja, hakuna picha siku hiyo, na mgeni aelezwe hivyo.

Najua lisemwalo ufuoni: mgeni amelipa, akirudi mikono mitupu hatatuleta wenzake. Nalielewa, ni riziki. Lakini Malindi na Watamu zilitengwa kuwa hifadhi za baharini mwaka 1968, na hadi leo watu wanakula kutokana nazo kwa sababu samaki bado wako na hawaogopi sana. Pomboo anayekimbizwa kila asubuhi hujifunza kuondoka akisikia injini. Atakayelia siku hiyo ni mwenye mashua, kwa kuwa mgeni ataenda nchi nyingine.

Na kabla ya kupiga picha za biashara ndani ya hifadhi, pitia ofisi ya KWS uulize kibali kinachohitajika. Ni heri swali la dakika 10 kuliko kamera kushikiliwa gatini.

Usalama wako pia uko hapa. Mtu aliyetia jicho kwenye kamera hasikii mkondo ukimchukua wala haoni mashua ikija. Zama na mwenzako, yeye atazame juu na saa, wewe utazame samaki, kisha mbadilishane.

Mwenye simu au kamera ndogo

Kamera nyingi ndogo za michezo, kama GoPro, na simu karibu zote, hazina tundu la lenzi la kufinywa. Mchana haziwezi kushuka hadi 1/15 bila picha kuungua. Nunua kichujio cha kupunguza mwanga kinachobanwa mbele yake, au piga jua linapokuchwa. Tafuta mpangilio wa mkono, funga ISO kwenye 100, kisha ushushe shata. Simu nyingi zinazo programu zinazokuruhusu kufanya hivyo. Funga fokasi pia kwa umbali wa mita 1 hivi, kwa sababu mfuko wa plastiki huidanganya. Na skrini haisikii kidole chini ya maji, basi tumia kitufe cha sauti kubofya.

Siku hizi programu nyingine hutia ukungu bandia baada ya picha kupigwa. Akitaka mtu kuutumia kwa tangazo, hilo ni lake. Ila aseme. Picha ikiandikwa kwamba ni ya mnyama wa Kisite akienda kasi, iwe ni mnyama wa Kisite, na awe alikwenda kasi.

Mazoezi ya nchi kavu

Kamera ya kuzamia isifundishiwe majini. Simama kando ya barabara, mahali salama, na uzifuate bodaboda kwa 1/30 mpaka dereva awe wazi na maduka ya nyuma yawe mistari. Ukiweza hilo mara 5 katika 10, shuka 1/15. Halafu nenda gatini ukapige watoto wanaoruka majini, baada ya kuwaomba wao na wazazi wao, na ngalawa zinazorudi na tanga. Ukishazoea, ingia maji ya kina kifupi ndani ya mwamba, penye samaki wengi na mkondo mdogo. Bahari kuu ije mwisho.

Utapiga nyingi na kubakisha chache. Mimi nikirudi na picha 3 za kufaa katika 100 nahesabu siku imekuwa njema. Unapochagua, tafuta vitu viwili: sehemu moja ya mnyama iliyo wazi, hasa jicho, na ukungu unaofuata mwelekeo wa mwili wake. Jicho likifutika, itupe hata kama rangi ni nzuri. Ukungu ukiwa wa juu chini wakati samaki alikwenda kando, huo ni mtikiso wa mkono na watu watauona.

Mwisho, andika jina la kila picha unayobakisha: jina la samaki kwa Kiswahili kama wanavyomwita wavuvi wa hapo, mahali, tarehe, hali ya maji, na kasi ya shata. Majina haya hutofautiana kutoka Lamu hadi Vanga na mengi hayajaandikwa popote. Picha ya kolekole aliyegeuka mstari wa fedha itapendwa na yeyote, lakini iliyoandikwa jina lake, mlango wake na msimu wake itakuwa na kazi hata baada yetu.